Mtoto Yuko Juu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye upepo, miguu umeinyoosha, na dawa ya magoti umeinywa bila kubembelezwa. Nimeambiwa kwamba siku hizi kidonge unakiweka chini ya ulimi, ukingoja mtu ageuke ukiteme. Mama, hiyo ndiyo michezo uliyotuchapia sisi.

Hapa kwangu sote tu wazima. Mume wangu anakuamkia sana. Amepata kazi ya kutengeneza milango ya shule na nyumba nzima imejaa vumbi la mbao, mpaka chai ina ladha ya msonobari. Mjukuu wako, Bwana Mkubwa, hajambo na ujanja wake umezidi. Amegundua kwamba akitaka biskuti anaweza kuniomba mimi kwa mikono na papo hapo akamwomba jirani kwa mdomo, na kila mmoja wetu akadhani ni yeye peke yake aliyeombwa. Anakua vizuri. Vile viatu ulivyomletea havimwingii tena.

Dada, wewe unayemsomea Mama, sasa nasema nawe. Nakujua, unapenda kuruka mistari ukiona pana uzito. Leo usiruke. Kuna mahali utataka kusimama. Simama, meza mate, kisha endelea. Tangu tukiwa watoto sauti yangu kwa Mama ni wewe, na sijawahi kuihitaji kama leo.

Mama, ujumbe wako ulinifikia. Dada aliniandikia kwenye simu kwamba umekasirika, umesikia nimeipeleka hospitali mahakamani, na umeuliza kama sina haya. Umesema wale watu ndio waliomwokoa mtoto wangu alipozaliwa kabla ya wakati, na badala ya kuwashukuru nawashtaki. Umesema ukaidi huu nimeurithi kwa marehemu Baba. Sikujibu siku ile. Si kwamba nilinuna. Jibu lilikuwa refu kuliko simu, na mwisho wake nilikuwa bado sijaupatia ujasiri.

Basi kwanza ujue kwamba kesi imefutwa. Ilikufa kabla haijaanza kutembea. Hakuna aliyesema nilidanganya, hakuna aliyesema hospitali ilifanya vizuri au vibaya. Jaji hakufika huko kabisa. Imefutwa kwa sababu ada ya kufungulia kesi haikulipwa, basi.

Niliifungua mwenyewe, bila wakili. Nilichotaka hakikuwa fidia. Niliandika kwamba mgonjwa asiyesikia ana haki ya kujua anafanyiwa nini na mtoto wake amepelekwa wapi, kama mgonjwa mwingine yeyote. Niliomba kila zamu iwe na mtu mmoja anayejua lugha ya alama, na asipokuwepo, basi muuguzi achukue kalamu aandike. Kiwandani kwetu wenzangu waliisoma hati yangu mpaka ikachafuka wino. Unajua pale kwenye uchapaji mashine zinavyonguruma, au tuseme wewe unajua, mimi natetemeka nazo tu miguuni. Wenye masikio hawasikizani humo ndani, kwa hiyo taratibu wote wamejifunza alama zangu. Wananiita Redio, kwa kuwa wanasema mikono yangu haifungwi. Yupo mama mmoja wa makamo ninayejalidi naye vitabu meza moja, kila mtu anamwita Shangazi, na yeye anazijua alama vizuri kuliko wote. Ndiye aliyekubali kuwa mkalimani wangu.

Ada ilikuwa kubwa kuliko tulichoweza kutoa kwa mara moja, kwa hiyo nikaandika ombi la kusamehewa, kwa maana sheria inaruhusu. Nikapangiwa siku ya kwenda kwa msajili kujibiwa. Siku hiyo Shangazi alinyimwa ruhusa kazini, nikaenda peke yangu. Nilimpa karani wa mlangoni kikaratasi nilichokiandika kwa herufi kubwa: "Mimi ni kiziwi. Jina langu likiitwa, tafadhali nipungie mkono." Akakisoma, akatabasamu, akaniinulia dole gumba, akakiweka chini ya kikombe chake. Nikakaa kwenye benchi, nikaukodolea macho mlango ule kama paka anayengoja mtu wa bucha. Yule karani akaenda kunywa chai, akaja mwingine. Mlango ukawa unafunguliwa, mdomo unafumbuka, mtu anainuka anaingia. Mdomo unafumbuka tena. Nilijitahidi kuusoma, lakini alikuwa na tabia ya kuita huku akitazama faili.

Baadaye nikaona benchi zima nimebaki mimi na mtu mmoja aliyelala. Nikaenda dirishani. Karani wangu wa dole gumba alikuwa amerudi. Akalifungua faili, nikaona uso wake unashuka. Akaniandikia kwamba niliitwa mara tatu sikutokea, kwamba ombi langu limekataliwa kwa kuwa nina ajira, na kwamba nimepewa wiki mbili kulipa. Nikamwandikia: "Nilikuwa hapa." Akaandika: "Najua. Samahani sana." Kisha akaongeza kwamba nikayaeleze hayo kwa jaji, siku ya kusikilizwa.

Nilimwonyesha Shangazi maneno hayo, "siku ya kusikilizwa", tukacheka mpaka msimamizi akatuzimia taa ya meza.

Wiki mbili zilipita, na fedha hazikutimia. Mume wangu alitaka kuuza mashine yake ya kupigia randa, nikamkatalia. Nilimwambia akiiuza hiyo tutashinda kesi tukafe njaa na hukumu mkononi. Tukaamua tuende tukamweleze jaji.

Safari hii Shangazi alikuwa pembeni yangu. Chumba kilijaa. Jaji ni mwanamke, ana macho ya mtu asiyepata usingizi wa kutosha, na nisimseme vibaya, hakuwa mkali. Alianza kuita kesi za asubuhi ile, zote za watu wanaodai haki zao. Kijana aliyewekwa rumande miezi bila kushtakiwa. Mwanamke muuza mboga aliyepigwa na askari wa jiji mpaka akavunjika mkono. Alikuwa bado amefungwa bandeji. Mzee aliyebomolewa nyumba bila kupewa notisi. Nilikuwa naitazama mikono ya Shangazi. Hajalipa ada, imefutwa. Hajalipa, imefutwa. Yule muuza mboga aliinuka akataka kusema, akaambiwa aende masijala wamwelekeze. Alitoka akiwa ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba yai.

Nilipoitwa, Shangazi alinigusa, nikasimama. Nikasema kwa mikono, naye akanipa sauti: "Mheshimiwa, siku ile nilikuwepo. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango ule. Niliitwa kwa mdomo nami sisikii. Na hilo ndilo ninalolilalamikia, kwamba watu huniambia mambo yangu kwa njia isiyonifikia, halafu wanaandika kwamba niliambiwa."

Jaji aliweka kalamu chini. Alinitazama mimi, si Shangazi, na Mama, watu wachache wanajua kufanya hivyo. Akasema ananielewa, tena anasikitika, lakini kanuni za ada hazimwachii nafasi. Muda umepita na shauri ambalo halijalipiwa hawezi kulisikiliza hata neno moja. Akasema analifuta, ila sijafungiwa mlango, naweza kulifungua upya nikilipa. Kisha akaita la mwingine. Tangu niinuke mpaka niketi, chai isingepoa.

Nilichokihisi pale niliposikia, maana yake nilipoona neno lile kwenye mikono ya Shangazi, sitakuficha. Lakini nitakwambia mbele kidogo.

Tulipotoka, mwanamke mmoja mrefu mwenye mwanya alitukimbilia kwenye ngazi. Nilimtambua kabla hajafika. Ni yule muuguzi wa wodi ya wazazi aliyenihudumia nilipojifungua; alikuwa ameitwa kutoa ushahidi upande wa hospitali. Shangazi akataka kumzuia, akidhani amekuja kunizomea. Yule muuguzi akatoa kalamu mfukoni na, kwa kuwa hakuwa na karatasi, akaandika kwenye kiganja chake: "Ni mimi niliyembeba mtoto." Kisha akakosa pa kuandika zaidi, akasimama vile vile na mkono wake wazi, machozi yakamtoka.

Alikuwa ameisoma hati yangu, mpaka ukurasa wa mwisho. Alimweleza Shangazi kwamba siku ile aliniambia kila kitu, tena aliniambia polepole na kwa upole, na akaenda zake akiamini nimeelewa, kwa sababu nilitikisa kichwa. Alisahau kwamba alikuwa amevaa barakoa. Aliuliza kama anaweza kuja nyumbani kwangu kujifunza alama.

Alikuja Jumapili, akaja na iliyofuata. Ni mwanafunzi mwenye bidii na vidole vigumu kama misumari. Siku ya kwanza alitaka kuniuliza kama nina maumivu, akaniuliza kama nina mbuzi. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje kutafuta pumzi. Bwana Mkubwa ndiye mwalimu mkali. Anamshika vidole mtu mzima yule na kumnyoosha kimoja kimoja, akikosea tena anamkunjia uso. Sasa anakuja na wenzake wawili wa zamu ya usiku, na wodini kwao wamefunga kalamu kwa kamba kwenye kila kitanda.

Utaniuliza, basi si yamekwisha? Hapana, Mama. Ninampenda yule muuguzi na nitamshukuru daima, lakini anachokifanya ni hisani yake. Akihamishwa kesho, hisani inahama naye kwenye begi lake. Mimi nilidai kitu kinachobaki pale hata kama muuguzi wa zamu hiyo hanipendi. Ndiyo maana nitaifungua kesi upya. Kiwandani wamechanga kimyakimya, wakaniwekea bahasha kati ya kurasa nilizokuwa nashona, na ada tayari ipo.

Na ndiyo maana ninakuandikia. Kesi ikisikilizwa safari hii, wakili wa hospitali atasimama na kuniuliza swali moja, nami nitalijibu kwa ukweli mbele ya watu. Sitaki ulisikie jibu hilo kutoka kwa mtu mwingine, kwa kuwa linakuhusu wewe.

Dada, hapa ndipo. Soma tu.

Mama, unazikumbuka zile siku tatu baada ya kujifungua? Nilipopasuliwa nilikuwa nimelazwa usingizi. Nilipoamka tumbo halina kitu na kitanda hakina mtoto. Mume wangu alikuwa kazini mbali, anafunga madirisha, na dada alikuwa kwake hajapata nafasi ya kuja. Simu yangu ilikuwa imefungiwa stoo pamoja na nguo nilizokuja nazo. Nilimwandikia yule muuguzi kuuliza mtoto wangu yuko wapi, akasema kitu nyuma ya barakoa, akanipapasa bega, akaenda kwa mgonjwa aliyekuwa anapiga kelele. Nilitikisa kichwa kwa sababu ndivyo ninavyofanya watu wanaponisemesha wakiwa na haraka.

Kisha ukaingia wewe. Niliona umevalishwa barakoa kama wageni wote. Kinywa chako nakisoma kuliko cha mtu yeyote duniani, na siku hiyo kilikuwa kimefunikwa. Ulikaa kitandani, ukanishika mkono, ukaona namna ninavyokuuliza kwa macho. Hatujawahi kuwa na alama nyingi kati yetu, wewe na mimi. Tunazo za kula, za kulala, za njoo hapa, na ile ya kunikanya mbele ya wageni. Basi ukajitungia. Ukakunja mikono kama anayebembeleza mtoto, ukaibembeleza hewa, halafu ukainua kidole ukaonyesha juu. Na macho yako yalikuwa yanatabasamu.

Nilielewa kwamba mtoto amekufa. Nilielewa kwamba yuko mbinguni, na kwamba unatabasamu ili nisivunjike.

Sikumuuliza mtu tena. Ningeuliza nini, wakati mama yangu ameshaniambia? Kwa siku tatu ulikuja asubuhi na jioni, ukaninywesha uji, ukanichana nywele, na kila ulipotaka kuondoka ulirudia: ukabembeleza, ukaonyesha juu, ukatabasamu. Nililia ukadhani ni mshono. Ulinifuta machozi kwa ncha ya kitenge chako na mimi nikakuonea huruma, nikisema moyoni, mama huyu naye amefiwa na mjukuu, na bado anapata nguvu za kunichana nywele.

Siku ya tatu niligeukia dirisha, nikamwona mume wangu chini uani. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia wodini kwetu. Alikuwa anaruka na kupunga mikono kama anayefukuza nyuki. Alipoona nimemtazama akasema kwa alama kubwa kubwa: "Nimemwona kupitia kioo! Mdogo kama kopo la gundi! Pua ni yangu, pole sana!" Nikamuuliza, nani? Akashangaa, akanijibu: "Mtoto! Nani tena?" Wanasema nilipiga ukelele uliowaleta wauguzi wakidhani mshono umefumuka. Wewe uliingia ukanikuta nacheka na kulia, ukanikumbatia, ukacheka nami. Ulidhani nimefurahi kumwona mume.

Mama, hukukosea. Mtoto kweli alikuwa juu. Wodi ya watoto njiti iko ghorofa ya juu. Wewe ulikuwa umetoka kumwona, umeshuka ngazi na magoti yako yale ili uniletee habari njema, na ulinipa yote uliyokuwa nayo mikononi. Nimekaa miaka mitatu bila kukuambia kwa sababu nilijua ungeacha kuikumbuka furaha ile na kuanza kukumbuka hili. Na pia, ningekuambia vipi? Ingenibidi nimpe dada, dada akupe wewe, na mimi nikae pembeni nikitazama midomo yenu.

Wakili atauliza: nani alikuambia mtoto amekufa? Nitasema ni mama yangu, kwa mapenzi yake yote, kwa kuwa hospitali iliona kumweleza yeye inatosha. Jaji aliposema kesi imefutwa, nilichohisi kwanza hakikuwa uchungu. Nilishusha pumzi. Nikasema afadhali, Mama hatasikia. Baadaye nikaona nikinyamaza ili kukulinda wewe, mama mwingine atalala kwenye kitanda kile na kuelewa nilivyoelewa mimi. Hilo likanishinda.

Usilie sana. Na kama umelia, sikiliza hili: nina mimba ya miezi mitano. Mtoto anacheza vizuri, daktari ameridhika, aliniandikia mwenyewe kwa mwandiko mbaya kuliko wa kuku. Nitajifungulia hospitali ile ile, iko karibu, na muuguzi wangu wa vidole vigumu ameapa atakuwepo hata kama si zamu yake. Lakini nakutaka wewe. Dada abaki na wanawe. Njoo peke yako, mapema, ukae nami miezi hii yote, ujifunze kusema nami. Najua utasema umezeeka na vidole vina baridi yabisi. Muuguzi alianza na mbuzi, Mama. Wewe anza na chochote utakacho. Nina umri wa miaka thelathini na moja na bado kuna hadithi zako zote ambazo nimezipata kwa mkato, dada akiniandikia mistari miwili ya jambo ulilochekesha nalo sebule nzima. Nataka kuzipata kutoka kwako.

Ukikubali, mwambie dada aniandikie neno moja tu kwenye simu. Mume wangu atakuja kukupokea stendi. Utamjua kwa vumbi. Na kama utafika yeye akiwa kazini au mmepotezana njiani, nyumba yetu ni ile ya mlango wa kijani baada ya duka la dawa. Usipige hodi, Mama, utachoka bure. Upande wa kulia wa mlango kuna swichi. Ibonyeze. Ndani taa itawaka na kuzima, nami nitajua kuna mtu na nitakuja kukufungulia.

Wasalimie majirani wote, hasa yule anayekuletea maziwa. Wabusu watoto wa dada. Dada, ahsante kwa kutoruka. Mpe Mama maji, na wewe unywe.

Anayekupenda,

Kitinda mimba wako